Kioo Kimoja, Midomo Minne

Sijawahi kukipenda kinywa cha binadamu. Nasema mapema, msomaji asije akanidhania mtu mwema kuliko nilivyo. Kikombe changu hakinywewi na mtu mwingine, na mtu akipiga chafya karibu na sahani yangu, chakula hicho ni cha kuku. Mama yangu alikuwa akisimulia kwamba hata nilipokuwa mchanga nilikataa ugali wa wimbi uliotafunwa kwanza na bibi, jinsi watoto wote wa boma letu walivyolishwa. Niliutema, nikalia mpaka nikapewa maziwa. Basi mtu wa namna hii ndiye aliyepelekwa kujifunza Kiyunani.

Ilikuwa miaka ya hamsini imeanza. Nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni huko kwetu Magwagwa, kijana, suruali yangu ya kaki ikinyooshwa kila Jumapili kwa pasi ya makaa. Barua ikaja kwamba misheni imepata mwalimu Mzungu aliyesoma lugha za kale, na kwamba atafundisha watu wanne tu katika kituo kimoja upande wa Nyamache. Atakayeweza kusoma kwa sauti, bila kukosea, ukurasa mmoja wa Injili kwa Kiyunani mbele ya wakubwa wa misheni, atapelekwa chuo cha wachungaji. Atakayeshindwa atarudi alikotoka, na hataitwa tena.

Watu wawili walichaguliwa kutoka kwetu, mimi na mzee mmoja aliyekuwa ndugu wa baba yangu kwa mama mwingine. Kiswahili kingemwita baba mdogo. Mimi nilimwita tata, kama nilivyomwita aliyenizaa, na heshima yake ilikuwa ileile.

Huyu mzee alikuwa mwinjilisti tangu sijui kutambaa. Alitembea kilima hadi kilima kwa miguu, Biblia ndani ya mfuko wa turubai, akifundisha watu darasa la ubatizo chini ya mapaa ya majani. Miaka miwili anawafundisha, anawasuluhisha na wake zao, anawaachisha pombe, anawazika wanaokufa katikati. Halafu siku ya ubatizo inapofika, anakuja Mzungu kwa pikipiki, anaingia mtoni nao, anawabatiza, anakula kuku, anaondoka. Kazi ya tata siku hiyo ilikuwa kusimama ukingoni akishika makoti na mablanketi. Mwinjilisti hakuruhusiwa kubatiza.

Tulipokuwa njiani kwenda Nyamache, siku mbili za kutembea, aliniambia jambo moja tu la moyoni, na alilisema akiwa mbele yangu, bila kugeuka.

"Mimi sitaki mshahara ya pasta," alisema. "Sitaki kola. Nataka kuingia kwa maji na watu wangu mara moja, kabla sijakufa."

"Utaingia, tata," nikasema. Nilimaanisha.

Mwalimu wetu alikuwa mwembamba, shingo ndefu, na alikuwa na imani moja kubwa kuliko zote: kwamba Kiyunani ni kinywa. Macho yangesubiri. Maana ingesubiri. Kwanza kinywa. Siku ya kwanza aliweka mezani kioo cha kunyolea, mshumaa, kizibo cha chupa, na kijiti kipana alichokichonga mwenyewe kwa kisu. Kando akaweka bakuli la bati lenye maji. Nilitazama vile vitu nikajua nimekwisha.

Kijiti kilikuwa cha kukandamizia ulimi. Aliyekosea herufi aliitwa mbele, akafunua kinywa mbele ya kile kioo, na mwalimu akaingiza kijiti kumwonyesha ulimi uende wapi. Akimaliza alikichovya katika lile bati, akakikung'uta mara mbili, na kumwita mwingine. Kijiti kilekile. Maji yaleyale. Kufika saa nne asubuhi maji yalikuwa na utando juu. Kizibo tulipokezana tukikiuma kwa meno ya mbele ili taya zizoee kukaa wazi, nacho kiliponifikia mimi wa mwisho kilikuwa kimelowa na kina joto. Mshumaa ulikuwa wa kupulizia herufi zinazotoka na pumzi; tulisimama tumeuzunguka, watu wazima, tukipuliza fi na khi mpaka uzime, na mate yakitua juu ya meza yakimetameta. Mwalimu mwenyewe alitufundisha khi kutoka kooni, uso wake karibu na wangu, na pumzi yake ilikuwa ya mayai na kahawa ya jana. Nilijikaza kisabuni. Mchana sikula.

Wenzetu wawili walikuwa hawa. Mmoja alitoka mashamba ya Wazungu kule Nyansiongo, alikokuwa akihubiria wakamuaji wa ng'ombe. Mtu mpole, lakini meno yake yalikuwa yameoza mpaka kwenye ufizi na harufu yake ilimtangulia mlangoni. Wa pili alikuwa mtu wa ziwani, Mjaluo, karani wa zahanati ya misheni, aliyeng'olewa meno sita ya chini alipokuwa kijana kama ilivyokuwa desturi ya kwao. Akicheka ulimi wake ulionekana ukitulia pale penye pengo kama umekaa kizingitini.

Juma la pili mwalimu akatugawa wawili wawili. Kila mmoja akae mkabala na mwenzake, magoti karibu yagusane, amtazame kinywani huku akisoma, amsahihishe, na jioni aripoti: sawa au si sawa. Mwalimu ataandika katika daftari lake, na hatatusikiliza mwenyewe mpaka siku ya mtihani. Akampa yule wa Nyansiongo mtu wa ziwani. Akanipa mimi tata.

Aliyezaliwa kwetu Gusii anajua alichokuwa anakitaka yule Mzungu, ingawa yeye mwenyewe hakujua. Kati ya baba na mwana kwetu kuna ensoni. Ni aibu na ni heshima, vyote kwa neno moja. Mwana hamwoni baba yake akioga, haingii anapolala, hazungumzi naye mambo ya mwili. Pale kituoni mimi na mtu wa ziwani tulilala stoo, kati ya magunia ya mahindi, ili tata alale peke yake katika chumba tulichopewa. Na sasa nilitakiwa kukaa goti kwa goti na baba yangu, nimwambie atoe ulimi, nimtazame ulimi huo, nimwambie kwamba hautoshi, autoe tena.

Tulikaa. Tata aliweka mikono juu ya magoti, akatazama ubao juu ya bega langu, na mimi nikatazama dirisha. Nje kulikuwa na mgomba mmoja uliochanika majani kwa mvua ya mawe. Nikakaza macho pale. Akasoma.

Sikuhitaji kumtazama ili nijue. Masikio yangu yalitosha. Herufi ile ya theta, ambayo mwalimu alitaka ncha ya ulimi itokeze kati ya meno, tata aliisoma ulimi ukiwa umejificha nyuma kabisa. Lugha yetu haina sauti hiyo. Sisi wote wa Gusii tuliihangaikia. Khi yake ilikuwa ka tupu, kavu. Lilikuwa kosa dogo la kurekebishwa kwa juma moja la uvumilivu.

"Niko sawa?" akauliza.

"Sawa kabisa, tata."

Na jioni mwalimu akauliza, nikasema sawa, akaandika.

Nimelifikiria neno hilo maisha yangu yote. Kusema kweli, nilipolisema mara ya kwanza, ensoni ilikuwemo. Lakini mara ya pili na ya kumi? Tata alikuwa mtu mzima aliyezoea kutafuna kwa upande mmoja, na alipojitahidi kusoma, povu jeupe lilikusanyika katika kona za mdomo wake. Herufi zilipokuwa nzito uzi wa mate ulinyooka kati ya mdomo wa juu na wa chini, ukakatika, ukanyooka tena. Niliuona kwa pembe ya jicho nikitazama mgomba. Nikasema sawa haraka, kwa kuwa neno hilo ndilo lililomfumba mdomo upesi zaidi. Ningesema si sawa, angeanza tena, na tena, usoni pangu.

Mtu wa ziwani ndiye aliyenifundisha mimi. Ajabu ya yule mwalimu ni kwamba alikwisha kumwambia karani huyu, mbele yetu wote, kwamba kinywa chake hakikuumbwa kwa Kiyunani kwa kuwa hana meno ya chini. Alimpima kwa kioo, wala hakumsikiliza. Lakini lugha ya ziwani imejaa sauti hiyo. Mama zao huwabembelezea watoto nayo. Theta yake ilikuwa safi kuliko ya mwalimu. Jioni tulipokuwa stoo, kabla jua halijashuka, alinielekeza kutoka upande wa pili wa magunia, bila kijiti, bila kunisogelea.

"Ulimi kwa meno ya juu peke yake. Pumua. Usisukume," alisema. "Meno ya chini ni ya nini? Mimi nimekula nyama na samaki miaka ishirini bila hayo."

Siku tatu, nikaipata. Nilicheka peke yangu kwa furaha, nikiisema na kuisema kwa ukuta.

Jioni moja akaniambia, "Wewe, yule mzee wenu anapotea. Mimi namsikia kutoka kiti yangu. Kwa nini humwambii?"

"Ni baba yangu," nikasema. "Kwetu haiwezekani."

Alinielewa. Kwao pia kuna heshima zake. "Basi tubadilishane. Mwambie Bwana mimi nikae na mzee. Mimi si mtoto yake. Juma mbili nitamnyoosha. Wewe ukae na huyu wa Nyansiongo."

Hapo ndipo ulipokuwa mlango, ulikuwa wazi, na ulihitaji sentensi moja tu kwa mwalimu. Nilikaa juu ya gunia nikaliwaza pendekezo lile, na kilichonijia akilini si tata wala mto wala watu wake wa ubatizo. Kilichonijia ni yale meno meusi ya mtu wa Nyansiongo, goti kwa goti, kila asubuhi, na ile harufu.

"Mzee ataona tumemdharau," nikasema. "Tuache tu."

Nikabaki na tata na dirisha langu. Yule wa Nyansiongo aliacha masomo juma lililofuata, akarudi kwa wakamuaji wake, na kiti chake kikabaki kitupu. Hata hapo sikumwomba mwalimu amhamishie tata kwa mtu wa ziwani. Nilikuwa nimezoea.

Siku ya mtihani walikuja Wazungu wawili kutoka makao makuu kwa gari, buti zao zimejaa tope jekundu la barabara ya Nyamache. Walikaa nyuma ya meza iliyofunikwa kitambaa. Tata alikuwa amefua shati lake jana yake akalivaa likiwa na unyevu. Alikuwa amenyoa, na alinukia sabuni ya kufulia. Aliniuliza mlangoni, kwa sauti ya chini, "Niko sawa?" Nikamwambia tena.

Mtu wa ziwani alisoma kwanza. Wale wageni walitazamana, mmoja akamwinamia mwalimu wetu na kumwuliza jambo, na mwalimu akawa mwekundu masikioni. Nikasoma mimi. Walitikisa vichwa kwa kukubali, wakaandika. Kisha akasimama tata.

Alisoma kwa sauti ya mtu aliyehubiri vilimani miaka mingi, nzito, isiyo na haraka, shingo wima. Hakuruka neno. Alikuwa ameushika ukurasa mzima kwa moyo. Nadhani alikuwa anaujua kuliko sisi sote. Na kila theta ilikuwa si theta, na kila khi ilikuwa ka. Katika mstari wa nne mgeni mdogo alitoa leso akajifanya anafuta pua. Mabega yake yalitikisika. Tata aliona. Sauti yake ilishuka kidogo, ikapanda tena, akasoma mpaka mwisho wa ukurasa, akafunga kitabu kwa mikono miwili, akawashukuru.

Nilitaka kutapika, na safari hii haikuwa kwa sababu ya mate ya mtu.

Mwalimu aliniita nyuma ya jengo, daftari mkononi. Aligeuza kurasa akinionyesha: sawa, sawa, sawa, mwandiko wake mdogo ukishuka kama mchwa.

"Ulinidanganya," alisema. "Kwa nini?"

"Bwana," nikamjibu, na nilisimama wima kabisa nilipolisema, "kwetu mtoto hamtazami baba yake mdomoni. Ni desturi."

Uso wake ulibadilika. Alilipokea lile jibu kama mtu anayepokea mgeni wa heshima. Akaniomba nimweleze neno ensoni, akaniuliza linaandikwaje, akaliandika katika ukurasa wa nyuma na kupiga mstari chini yake. Akaniambia anajilaumu yeye, kwamba alipaswa kujua. Hakumwita tata asome tena. Mimi nikaenda chuoni nikiwa na sifa ya kijana anayeheshimu mila.

Na huko chuoni, siku ya kwanza ya Kiyunani, mwalimu mwingine, mzee mnene mwenye miwani, alitutaka kila mmoja asome mstari. Wengine walitoka kwingine, walisoma kila mtu kwa namna yake, theta zikiwa ta, zikiwa sa. Nilisubiri kijiti. Mzee akasema vizuri, tuendelee na maana. Nikainua mkono nikamwuliza kuhusu matamshi. Akacheka. Akasema hakuna anayejua kwa hakika watu wale walivyotamka, kwamba hata wanavyuoni hutamka kwa njia mbalimbali, na Wayunani wa leo wana njia yao. Tusome tuwezavyo, yeye anataka tuelewe. Darasa likaendelea. Mimi nikatoka nje nikatema mate kwenye majani, mara moja, mara mbili, na ladha ya kile kizibo haikutoka.

Nilirudi kwetu nikiwa mchungaji. Ubatizo wangu wa kwanza ulikuwa wa watu thelathini na wawili, wote waliofundishwa na tata. Maji ya mto yalikuwa baridi mpaka mifupa ikauma. Niliwazamisha mmoja mmoja, wakatoka wakikohoa, makamasi na maji yakinitiririkia mikononi, nami nikayavumilia kwa kuwa ndiyo kazi. Kila nilipoinua kichwa nilimwona ukingoni. Alikuwa akimwita kila mmoja kwa jina, akimfunga blanketi, akimwelekeza motoni. Koti langu lilikuwa begani mwake. Lilikuwa zito, la sufu, na hakuliweka chini kwa kuwa majani yalikuwa na umande.

Aliumwa miaka michache baadaye. Upande mmoja wa mwili ulikufa, na mdomo ukapinda. Nilikwenda kumwona asubuhi moja. Binti zake walikuwa shambani wakipalilia wimbi, na mkewe aliniomba nimnyweshe uji wakati yeye anateka maji. Ni jambo gumu kwa mwana, lakini ugonjwa huruhusu yanayokatazwa. Nilimwekea tata mto mgongoni, nikashika kibuyu, nikakiinua. Alikunywa kidogo. Uliobaki ukatokea upande uliopinda, ukashuka kidevuni pamoja na mate, mzito, wa kijivu, ukaingia shingoni.

Macho yangu yakaenda dirishani yenyewe. Sikuyatuma.

Nilisikia anajaribu kusema. Nikasubiri, ningali natazama nje. Maneno yalitoka polepole, yamevunjikavunjika, lakini niliyaelewa yote.

"Bado uko vile vile," alisema. "Hata kule Nyamache. Mzungu alitia mti kwa mdomo yangu. Wageni wakacheka mdomo yangu. Wewe peke yako hukuniangalia. Hata siku moja." Akapumzika. "Nilimwambia baba yako. Nilimwambia, huyu mtoto tulimlea, ako na ensoni."

Alinyoosha mkono wake mzima akatafuta wangu, akaushika. Mkono wake ulikuwa umelowa uji. Nikauacha wangu mkononi mwake nikasema, "Ndiyo, tata," na sikugeuza uso mpaka mkewe aliporudi na maji, akachukua kitambaa, akamfuta.